Usinunue pistoni kabla hujapima silinda: mwongozo kamili kwa wenye mashine za boti

Jamaa zangu wa baharini na mafundi wa pwani, kuna kitu kinakula pesa za watu kila msimu. Mtu mashine yake ikichoka au ikibana (pistoni ikakwama ndani ya silinda), cha kwanza anakimbilia dukani kutafuta pistoni na ringi (zile pete za pistoni), muuzaji anamuuliza stendadi au oversaizi (iliyo kubwa kuliko ya kiwandani), yeye anajibu "nipe stendadi, si ndo ya kiwandani", anarudi nayo, fundi anaitia, mashine inawaka watu wanafurahi, afu haukwishi muda moshi tena, nguvu hamna, asubuhi unavuta kamba mpaka bega linauma. Pistoni ile haikuwa na kosa lolote. Tundu la silinda ndo lilikuwa limeshalika na hakuna aliyelipima.

Wazee waliokuwa na magobori walilijua hili zamani, risasi ikiwa ndogo kwa mtutu baruti inapita pembeni na risasi inaanguka karibu, ikiwa kubwa inakwama njiani. Silinda na pistoni ni khabari hiyohiyo, kwa hivo kwanza unalijua tundu, kisha ndo unatafuta cha kulijaza.

Nazungumzia khasa hizi mashine za tu-stroku (za kuchanganya oili na petroli) zilizojaa pwani zetu, kuanzia Nungwi na Mkokotoni mpaka Tumbe na Kojani, yani Yamaha Enduro 40 na 15, lakini ukishaelewa utaweza kupima silinda ya jenereta au ya bodaboda vilevile, tofauti ni kuwa zile za foo-stroku hazina madirisha, yani matundu ya kupitisha hewa na moshi, kwenye ukuta wa silinda.

Kwanza ijue mashine yako ilizaliwa na ngapi

Kila mashine ina kipenyo chake cha stendadi. Enduro 40 ile ya cc 703 (E40X) silinda yake ni milimita 80 na mwendo wa pistoni ni milimita 70. Zile 40 za zamani za cc 592 ni milimita 75 kwa 67. Enduro 15 ya cc 246 ni 56 kwa 50. Sasa angalia, 40 mbili zina jina moja barabarani na pistoni zake haziingiliani kabisa, kwa hivo ukenda dukani ukasema tu "nipe pistoni ya arubaini" umeshaanza vibaya. Soma kibati cha modeli kwenye brakiti (pale mashine inapofungiwa boti), kama kimeliwa na chumvi basi pima.

Jambo la pili, mashine zetu nyingi ni za mtumba au zimeshapita kwenye mikono ya watu wengi. Ukifungua hedi (kifuniko cha silinda) tazama kichwa cha pistoni, futa masizi kwa tambara na petroli, ukiona namba imepigwa kama 025 au 050, au 0.25, 0.50, mana'ake silinda hio ilishachongwa, yani tundu limepanuliwa, na stendadi haina kazi tena hapo. Kwa mashine hizi pistoni za kiwandani zinakuja stendadi, kisha 0.25, kisha 0.50. Ukishafika 0.50 na imelika tena, hapo khabari inakuwa ya kubadilisha silivu, ile bomba ya chuma ndani ya bloku. Ila usiamini namba pekeyake, kuna watu wanatia pistoni ya 0.25 kwenye tundu lililochongwa kwa makisio. Namba inakwambia utegemee nini tu, jibu lenyewe unalipata kwenye kipimo.

Vifaa, na kwa nini venia haitoshi

Najua mafundi wengi wana venia (kile kipimo cha kuteleza chenye midomo) na wanaipenda, mie pia nnayo na naitumia kwa kazi nyengine. Kwa silinda haifai, tena kwa sababu tatu. Venia nyingi zinasoma 0.05 au 0.02 ya milimita, na sisi hapa tunatafuta tofauti za 0.01. Midomo yake ya ndani ina ubapa kidogo, ukiitia kwenye tundu la mviringo inakusomea chini ya ukweli. Na kubwa kuliko zote, ile midomo inaingia kidogo tu mdomoni mwa silinda, pahala ambapo ringi haifiki, yani unapima sehemu isiyolika halafu unasema silinda nzima! Ndo mana unakuta mtu anaapa silinda yake ni themanini kamili na mashine inatoa moshi kama tanuri la chokaa.

Unahitaji maikromita ya nje, kile kipimo cha skrubu. Kwa mashine ya milimita 80 ni ile ya 75 mpaka 100, kwa ya 56 ni ya 50 mpaka 75. Halafu boa geji (kipimo cha kipenyo cha ndani) yenye saa, ile ya 50 mpaka 150 inakidhi mashine zote hizo. Kama boa geji hakuna basi geji ya T, ile ya springi inayotanuka ndani kisha unaikaza, ni rahisi zaidi lakini inataka mkono uliotulia. Na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, hii usiikose, maana nitakuonesha chini namna ya kupima silinda kwa ringi na fila geji tu kwa ambae yuko dago (kambi ya wavuvi) au kisiwani na hana pa kuazima kitu.

Kabla hujagusa silinda, kagua maikromita yenyewe. Ile ya 75 mpaka 100 inakuja na kijichuma chake cha milimita 75 kamili, kifute, kitie, isome 75.00. Ikisoma 75.03 basi kila kitu utakachopima kitakuwa na uongo wa 0.03, na hio ni karibu nusu ya nafasi nzima inayotakiwa baina ya pistoni na silinda. Maikromita iliyoanguka sakafuni ikaokotwa ikarudishwa kwenye boksi bila kuambiwa mtu ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Kusafisha

Ondoa hedi, ondoa pistoni, ringi ziweke kwa mpangilio wa silinda yake, ya juu na ya chini usizichanganye. Andika kwa maka peni.

Ukuta wa silinda uoshe kwa petroli au dizeli, futa kwa tambara jeupe, rudia mpaka tambara litoke safi. Kwenye ukingo wa juu kunakuwa na duara la masizi, likwangue taratibu kwa kitu laini kama kipande cha mbao ngumu au shaba, usitie bisibisi. Kama mashine ilibana utaona alumini ya pistoni imejipaka ukutani, inang'aa kwa mistari. Hio lazima itoke kabla ya kupima, la sivo utapima alumini. Msasa mwembamba na oili, kwa subira. Kuna wanaotia kostiki soda kwa sababu inakula alumini haraka, ni kweli inakula, lakini na bloku yako pia ni alumini, silivu tu ndo chuma. Achana nayo.

Mashine iliyozama ni mada yake. Hapo silinda inakuwa na vishimo vya kutu, na vishimo hivi boa geji haivioni, miguu yake inapita juu. Kwa hivo kwa mashine iliyokunywa maji ya bahari, baada ya kipimo pitisha ukucha ukutani kote kwa tochi kali, kishimo kinachokamata ukucha kiandike kipo wapi, maana kitaamua saizi kuliko kipimo chenyewe.

Joto, tafadhali msilidharau

Watu wanaona hili ni la vitabuni. Alumini inatanuka takriban mara mbili ya chuma. Pistoni ya milimita 80 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi inaongezeka karibu 0.018, silivu ya chuma kwa nyuzi hizohizo inaongezeka karibu 0.009. Sasa wewe bloku umeliacha kivulini barazani, pistoni umeitoa kwenye mfuko uliokuwa juu ya tangi la pikipiki saa saba mchana kutoka Darajani, umeipima papo hapo, umeshajidanganya. Weka bloku, pistoni na maikromita pahala pamoja kivulini, bora ndani, ziache usiku kucha, pima asubuhi kabla jua halijakaza. Na usikumbatie maikromita kwa kiganja muda mrefu, nayo inapata joto la mkono.

Kupima kwenyewe

Utapima pahala patatu kwa urefu, na kila pahala kwa pande mbili. Jumla namba sita kwa kila silinda, kumi na mbili kwa mashine ya silinda mbili.

Kwa urefu: ya kwanza karibu milimita 20 kutoka upande wa hedi, hapo ringi ya juu inafanya kazi nzito na ndipo panapolika zaidi. Ya pili katikati, juu kidogo ya dirisha la ekzosi. Ya tatu chini kabisa upande wa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), kadiri geji inavyofika. Muhimu mguu wa geji usikae juu ya dirisha, utapata namba ya ajabu ukadhani silinda imekufa.

Kwa pande: mashine ya boti kranki imesimama wima, kwa hivo bloku likiwa kama linavyokaa kwenye boti, upande A ni wima kufuata kranki, upande B ni ulalo, kukata kranki. Silinda kwa kawaida inalika zaidi kwenye B kwa sababu konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inaisukuma pistoni upande huo kila inapozunguka.

Ukiwa na boa geji, iseti kwanza. Funga maikromita kwenye 80.00, tia geji baina ya midomo yake, izungushe kidogo kidogo mpaka upate namba ndogo kabisa, hapo geuza uso wa saa sindano ikae sifuri. Kabla hujaenda mbele fungua maikromita kidogo ifike 80.05 uone sindano inakwenda upande gani, hio ndo "kubwa". Geji nyengine zinakwenda kinyume na unavyodhani, na fundi anachanganya kubwa na ndogo, sasa hilo ni balaa. Ndani ya silinda iyumbishe geji mbele na nyuma kwa urefu wa silinda, sindano itakwenda ikarudi, ile pahala inapogeukia ndo kipenyo cha kweli, maana geji ikiinama inasoma kubwa zaidi.

Ukiwa na geji ya T, itie imeinama kidogo, iachie itanuke, kaza skrubu yake kwa wepesi si kwa nguvu, kisha ivushe mara moja tu mpaka ilalie upande wa pili, yenyewe itajirekebisha kwa kujibana. Itoe, pima kwa maikromita. Rudia mara tatu pahala palepale. Namba zikitofautiana zaidi ya 0.02 basi mkono wako bado haujatulia, kunywa chai urudi.

Andika kwenye karatasi, sio kichwani. Tuseme umepata hivi kwa silinda ya juu ya E40X:

Juu: A 80.07, B 80.13
Kati: A 80.05, B 80.08
Chini: A 80.02, B 80.03

Kulika kwa mteremko ni namba kubwa toa ndogo kwa upande mmoja. Upande B, 80.13 toa 80.03 ni 0.10. Uyai ni tofauti ya A na B pahala pamoja, kwa juu ni 0.06. Vitabu vya ufundi vya Yamaha za aina hii kawaida vinaweka mwisho wa mteremko 0.08 na mwisho wa uyai 0.05, cha mashine yako khasa kitazame maana ndo hakimu. Kwa mfano wetu vyote viwili vimevuka mwisho huo, kwa hivo stendadi hapa hakuna, hata ringi mpya za stendadi ni kutupa pesa, ringi ni duara na tundu limeshakuwa yai, ringi haiwezi kugusa pote.

Kama namba zote ziko ndani ya kiwango, silinda nzuri, hapo unaweza kutia ringi mpya na kupiga hona (mawe ya kusugulia ukuta wa silinda) kidogo kuondoa mng'ao, na pistoni ya zamani ukaipima kama inarudi.

Huna geji? Ringi na fila geji

Hii naipenda kwa sababu haihitaji chochote cha kuazima. Chukua ringi moja, hata ya zamani, mradi ni hiohio moja utakayotumia pote. Itie silindani bila pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa isiinamie upande, mpaka chini pasipolika. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kisha ipandishe mpaka pale milimita 20 kutoka juu, pima tena.

Mzingo ni kipenyo mara 3.14, kwa hivo mwanya ukiongezeka, gawa ile tofauti kwa 3.14 upate kipenyo kimeongezeka kiasi gani. Chini mwanya 0.35, juu 0.70, tofauti 0.35, gawa kwa 3.14 ni kama 0.11. Basi juu tundu ni kubwa kuliko chini kwa 0.11, umeshapata mteremko wako bila boa geji. Raha ya njia hii ni kuwa kosa lako la mkono nalo linagawika, ukikosea 0.05 kwenye fila geji umekosea chini ya 0.02 kwenye kipenyo.

Ila ijue mipaka yake. Inakupa wastani wa duara, uyai haikwambii. Kwa uyai tia ringi mpya pale juu, weka tochi upande wa pili, uangalie mwanga unaopenya baina ya ringi na ukuta, unapouona upande mmoja mrefu basi hapo pana yai. Na haikwambii kipenyo kamili, inakupa tofauti tu, kwa hivo inatosha kukuambia "hii inataka kuchongwa", haitoshi kuchonga. Kwa mtu wa Kojani anaetaka kujua kama kuna haja ya kupakia bloku kwenye meli kwenda Unguja au la, inatosha kabisa na inaokoa nauli.

Kuchagua saizi: hapa ndo wengi wanapokosea hesabu

Mtu anaona namba kubwa ni 80.13, oversaizi ya kwanza ni 80.25, anasema imekaa vizuri kuna 0.12 ya kuchonga. Ngoja kwanza. Kile kipenyo hakikwambii silinda imelika upande gani. Ikiwa imelika upande mmoja tu, basi ukuta ule umesogea 0.13 nzima kutoka katikati. Fundi wa kuchonga anatakiwa achonge kufuata katikati ya zamani, sio katikati mpya ya tundu lililolika, kwa sababu konrodi na kranki bado ziko pahala pao. Sasa tundu la 80.25 nusu kipenyo chake ni 40.125, na ukuta wako upande ule uko kwenye 40.13. Kisu hakitagusa pale! Utabaki na mkwaruzo wa zamani ndani ya silinda mpya.

Kwa hivo kanuni nnayoitumia ni hii, kulika ikiwa chini ya kama 0.08 kwa kipenyo, 0.25 inasafisha hata ikiwa yote iko upande mmoja na kunabaki ya kupigia hona. Ikiwa kati ya 0.08 na 0.12, mwambie fundi aanze kuchonga kidogo atazame kama inasafika, na pistoni usiinunue mpaka akupe jibu. Zaidi ya hapo, au pana vishimo vya kutu au mkwaruzo wa kukamata ukucha, nenda 0.50 moja kwa moja. Kuchonga mara mbili ni malipo mara mbili.

Na silinda moja ikiwa mbovu nyengine nzima? Inawezekana kuchonga moja, mashine itakwenda. Mie nashauri zote mbili, kwa sababu anaekuja baada yako atafungua ya juu, aone 025, atanunua mbili za 025, na kwa hasira zake atakulaani wewe.

Pima pistoni, kisha ndo uchonge

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Silinda inachongwa kufuata pistoni iliyopo mkononi, hakuna "chonga 80.25 nitaleta pistoni baadae". Pistoni za maduka yetu zinatoka viwanda tofauti, mbili zimeandikwa 025 na hazilingani.

Pistoni si duara na wala haikunyooka, juu ni nyembamba kwa sababu kichwani ndiko kwenye moto na itatanuka, na upande wa pini (inayoshika konrodi) ni nyembamba kuliko upande mwengine. Ukipima kichwani utapata namba ndogo utafurahi bure. Pima kwenye sketi, yani ubavu wa chini wa pistoni, karibu milimita 10 kutoka ukingo wa chini, na maikromita ikate pini kwa msalaba, nyuzi 90. Kimo khasa kitabu kinasema.

Tuseme pistoni ya 025 imesoma 80.18, na kitabu cha mashine yako kinataka nafasi ya 0.07. Basi silinda iishie 80.25. Pistoni nyengine ya sanduku hilohilo imesoma 80.20, silinda yake iishie 80.27. Andika namba kwenye kila pistoni na silinda yake, ya juu na ya chini, mkabidhi fundi karatasi na pistoni zenyewe. Fundi mzuri atakushukuru. Akikwambia "mie najua kwa macho", chukua bloku lako kwa adabu, mwambie "sawa ami, narudi", usirudi.

Nafasi ikiwa ndogo kuliko ya kitabu, mashine ikipata moto pistoni inabana katikati ya mkondo wa Pemba na kusi linavuma, ikiwa kubwa pistoni inagonga, sketi inapasuka. Kati ya makosa mawili hayo la kubana ndo linaloua watu baharini, lakini hio sio ruhusa ya kulegeza kwa makusudi.

Ukiipokea kutoka kwa fundi

Usiipime siku hiohio ikiwa bado ina joto la kuchongwa. Ilaze, pima asubuhi, namba zilezile sita. Mteremko na uyai sasa viwe karibu na sifuri, 0.01 au 0.02 hivi. Ikiwa imetoka yai, mrudishie.

Halafu madirisha. Kisu kikishapita, kingo za madirisha zinakuwa kali kama wembe. Ringi ya tu-stroku inapita juu ya madirisha hayo kila mzunguko na inatoka nje kidogo, ikikuta ukingo mkali inakwangulika au inakamata na kukatika, na kipande kinakwenda kuchana kila kitu. Piga tupa ndogo ya mviringo na msasa, kingo zote za kila dirisha zilainike, ukipitisha kidole kisikwame. Hii mafundi wa kuchonga wengi hawaifanyi kwa sababu wamezoea magari, waulize, na kama hawajafanya fanya wewe.

Osha kwa maji ya moto na sabuni. Si petroli, petroli inaacha vumbi la mawe ya hona kwenye mikwaruzo, sabuni na brashi ndo inalitoa. Osha mpaka tambara jeupe lenye oili libaki jeupe. Na papo hapo kausha upake oili, kwa hewa yetu ya chumvi silivu tupu inaanza kutu ukiwa bado unaangalia.

Tia ringi mpya silindani bila pistoni, milimita 20 ndani, pima mwanya ulinganishe na kitabu. Mwanya mdogo sana, ncha zitagongana ringi ikipata moto na itavunjika. Ringi za mashine hizi ncha zake zimekatwa kufuata kijipini kilichopo kwenye mfereji wa pistoni, kwa hivo kuzipiga tupa si kazi nyepesi kama za gari, bora ubadilishe ringi. Wakati wa kufunga hakikisha kijipini kimekaa baina ya ncha mbili, na maandishi ya ringi yatazame juu kwenye kichwa cha pistoni.

Kabla hujafunga hedi jiulize ilibana kwa nini. Impela ya pampu ya maji imekufa? Njia za maji zimejaa chumvi? Mtu alitia oili kwa kukisia? Kabureta imeziba silinda moja ikala petroli kidogo? Usipoipata sababu, pistoni mpya itafuata njia ileile.

Kuilainisha: kwa modeli nyingi hizi mchanganyiko wa saa 10 za mwanzo ni lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, kisha unarudi 50 kwa 1 au kama kitabu kinavyosema. Saa ya kwanza isizidi nusu ya gesi, saa ya pili robo tatu, saa nane zilizobaki unaweza kufungua yote lakini usiiache hivo zaidi ya dakika tano mfululizo. Siku hizo zungukeni karibu na bandari, msipakie watu wala barafu nyingi. Ukisikia mlio unashuka wenyewe bila ya kugusa gesi, hio pistoni inaanza kukaza, rudisha gesi taratibu, angalia maji yanatoka kwenye tundu la kuonyeshea au hayatoki. Kama yanatoka iache ipumue kwa mwendo wa chini kabisa kabla ya kuzima, kama hayatoki zima palepale, tia nanga au toa kasia, na usiiwashe tena mpaka umefika pwani.